Fremu Isiyo na Jina

Wenzangu, fremu ya zamani ya baiskeli ya mashindano kutoka Italia imebanduliwa stika zote. Utajuaje aliyeitengeneza? Fundi huanza na bomba fupi la ekseli ya pedeli. La Kiitalia kwa kawaida lina milimita 70, hesi zote hukazwa kulia. La Kiingereza ni 68, na upande wa mnyororo hukazwa kushoto. Hapo umejua nchi tu. Sasa angalia viungo: Colnago, iliyoanza 1954, ilikuwa ikichonga pao kama la karata, De Rosa, moyo. Lakini karakana nyingi zilitengeneza fremu zikauzwa kwa jina la mwingine, kwa hiyo alama moja haitoshi.

Sisi tuliopoteza vitambulisho njiani tunaelewa. Karatasi ikipotea, ushahidi bado upo. Anayetuandikisha aangalie alama zote kwanza, jina aandike baadaye.