Kushuka na Kushusha Volti

Umeme ulianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1908, enzi ya Wajerumani, katika karakana za reli na sehemu ya mji. Jina lake halikuazimwa: umeme wa radi ulipewa kazi mpya. Majirani zetu wa Kenya, katika mazungumzo yao, wamelipenda zaidi neno stima. Vipimo ndivyo vilivyotujia na majina ya watu; volti ni kumbukumbu ya Alessandro Volta, Mwitalia aliyetangaza betri yake mwaka 1800.

Kwa muda mrefu volti lilikuwa neno la mafundi na wanafunzi wa fizikia. Wakazi wa Temeke na Kinondoni husema tu "umeme mdogo": taa zinafifia, jokofu linanguruma bila kugandisha. Kitaalamu huko ni kushuka kwa volti, nako ni kwa kuhofiwa, kwani mota ya jokofu inyimwapo volti huvuta mkondo mkubwa zaidi na kuungua.

Kompyuta imeleta jambo la kinyume. Serikali ilifunga ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingizwa kwa mashine hizo nchini. Hivyo Baraza, lililoundwa mwaka 1967, halikusukumwa mapema na istilahi zake. Huko ng'ambo watengenezaji walikuwa karibu kuanza safari ndefu ya kuteremka. Kichakataji cha Intel 8086 cha mwaka 1978 kilitumia volti 5. Pentium za kwanza za 1993 zilitumia 5 vilevile. Zilizofuata mwaka 1994 zilitumia 3.3, vya siku hizi huzungukia volti 1.

Mwenye kompyuta ya mezani aweza kuendeleza safari hiyo mwenyewe. Kiwandani kichakataji huwekewa volti yenye akiba, ili hata kilicho dhaifu kifanye kazi. Akiba hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, kasi ikiachwa ilivyo. Ikipunguzwa mno, mashine hukwama au hujiwasha upya. Faida si ndogo, maana nguvu itumikayo katika kukokotoa hufuata kipeo cha pili cha volti. Kutoka 1.25 hadi 1.10, hupungua kwa takriban asilimia 23, na joto pamoja nayo. Mwenye steshenari Tandika, anunuaye umeme wa LUKU katika joto la Februari, hahitaji kushawishiwa.

Tuiteje kazi hiyo? "Kupunguza umeme" hakufai: msomaji wa Mbagala atafikiria mgawo, kama wa 2006 na 2011. "Kupunguza kasi" ni jambo jingine kabisa. Tunapendekeza kushusha volti. Kitenzi chetu chenyewe kimekwisha kutenga maana: kushuka hutokea, kushusha hukusudiwa. Mfasiri wa mwongozo akiandika kushuka mahali pa kushusha, mtumiaji atakwenda Kariakoo kununua stabilaiza kwa ajili ya mashine isiyo na ugonjwa wowote.