Dola 49 za mwaka 1995

Jana usiku nilikuwa nashinda. Nina farasi wa ziada, saa yangu ina sekunde 40, halafu mtandao ukaganda. Uliporudi, nimeshahesabiwa kushindwa kwa muda. Mpinzani alikuwa ashaenda zake.

Wasee, kama mnacheza chesi mtandaoni, hayo maumivu mnayajua. Lakini hayakuanza na bando zetu. Tangu niache chuo nasoma tu vitu visivyo na mtihani, na wiki hii nimesoma historia ya seva za chesi. Kuna ugomvi humo umenigusa.

Januari 1992, huko Marekani, seva iliyoitwa Internet Chess Server ilifunguliwa. Waliyoiandika ni Michael Moore na Richard Nash. Hakukuwa na kubonyeza wala kuvuta kete kwa kidole. Unaingia kwa telnet, ubao umechorwa kwa herufi na vistari, unaandika hatua yako kama vile unatuma SMS. Na bado watu walikesha.

Shida yao kubwa ilikuwa ile ile yangu ya jana. Ujumbe ukichelewa njiani, ule muda wa njiani ulikatwa kwenye saa yako. Unafikiri sekunde mbili, unatozwa kumi. Daniel Sleator, mwalimu wa sayansi ya kompyuta pale Carnegie Mellon, alipoishika ile seva alileta dawa: programu inayokaa kwenye kompyuta yako na kupima muda uliofikiri wewe mwenyewe. Safari ya waya haikuhusu tena. Kwangu mimi huyo jamaa ni shujaa. (Mtandao ukikufa kabisa, hiyo dawa haisaidii. Ndiyo maana nililala na hasira.)

Sasa, Machi 1995, Sleator akatangaza kwamba seva itakuwa biashara. Jina jipya, Internet Chess Club. Ada, dola 49 kwa mwaka. Kwa kiwango cha leo hiyo ni zaidi ya shilingi 6,000, kodi yangu ya mwezi na chenji kidogo.

Baadhi ya waliokuwa wamesaidia kuiandika ile seva bure waliona wamesalitiwa. Hawakuishia kulalamika. Mwezi huo huo wakafungua yao, Free Internet Chess Server, na neno "bure" wakaliweka ndani ya jina kabisa. Ile ya kulipia nayo haikufa, iliendelea kuvuta magwiji miaka mingi. Halafu 2010 Mfaransa Thibault Duplessis akaanzisha Lichess: bure, bila matangazo, kodi za programu ziko wazi, inaendeshwa kwa michango. Hapo ndipo mimi nacheza, kwa simu yenye kioo kimepasuka.

Ungeniuliza mwaka jana ningesema Sleator ni mlafi. Leo sina uhakika hivyo. Alifanya kazi ya kweli, na mtu anayetengeneza kitu anafaa kula. Mimi hutengeneza video za chesi, najua vile "asante bro" haijazi meko. Lakini wale waliosaidia bure hawakusaidia wakijua wanajenga duka la mtu. Hapo ndipo naona kosa.

Naandika haya kwa sababu nina grupu ya mashindano ya kila Jumamosi. Ilianza na watu sita, siku hizi tunajaa. Nimekuwa nikipanga kutoza shilingi 100 kila mchezaji, na tangazo lilikuwa tayari kwenye simu. Ila kuna vijana wawili, mmoja hupanga nani acheze na nani, mwingine husaka wezi wanaochezewa na kompyuta. Sijawahi kuwalipa hata soda.

Tangazo nimelifuta. Kesho nawapigia hao wawili kwanza, nisikie watasemaje.