Brown, Phil
Mwanasosholojia wa Marekani, mtafiti wa harakati za afya na wa epidemiolojia inayoanzishwa na wananchi wenyewe. Kazi yake kuu ilihusu Woburn, Massachusetts, ambako visima viwili vya mji vilifungwa mwaka 1979 baada ya kukutwa na kemikali za viwandani. Kabla ya hapo Anne Anderson, aliyekuwa akimuuguza mwanawe mwenye saratani ya damu, alikwisha kuyatilia shaka maji yale yenye ladha mbaya. Kisha nyumba za watoto wa mji huo wenye saratani hiyo zikawekewa alama kwenye ramani. Katika No Safe Place (1990), kitabu alichoandika na Edwin Mikkelsen, Brown anaonyesha, kwa haki kabisa, kwamba wazazi wa watoto hao hawakuikataa sayansi, bali waliilazimisha ichunguze. Baadaye alitafiti pumu, saratani ya matiti na maradhi ya wanajeshi wa Vita vya Ghuba.