Majina ya Milima ya Umasaini Katika Reli ya Afrika Mashariki

Enguserosambu ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, upande wa Loliondo, karibu na mpaka wa Kenya. Ni nchi ya wafugaji wa Kimasai, yenye msitu unaotunzwa na wenyeji, wala haijapata kufikiwa na reli. Mtu wa huko atakaye kuliona garimoshi hana budi kufuata njia ya gari ipitayo Wasso, Sonjo, Engaresero na Mto wa Mbu mpaka Arusha, au kuvuka mpaka na kwenda Nairobi. Hata hivyo majina ya nchi hiyo yamo katika historia ya reli, na ushahidi wake umehifadhiwa mahali pawili: katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, na katika picha zilizopigwa na wapenzi wa garimoshi.

Reli iliuzunguka Umasaini huu bila kuingia ndani yake. Upande wa kusini-mashariki, Wadachi walianza njia ya Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Mombo 1905, na Moshi 1911. Waingereza waliiongeza hata Arusha mwaka 1929, ikakomea hapo. Upande wa kaskazini, njia ya Mombasa iliyoanzwa 1896 ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Na tawi la kutoka Konza kwenda kuchukua magadi katika Ziwa Magadi lilikwisha 1915.

Yafaa ikumbukwe kwamba njia hiyo ya kaskazini haikuwapita Wamasai pembeni tu. Katika mapatano ya mwaka 1904 baina ya serikali ya Kiingereza na Laibon Olonana na wazee wengine, Wamasai walitakiwa kuondoka katika nchi iliyo karibu na reli ili nchi hiyo wapewe walowezi. Baadhi yao walipelekwa Laikipia. Kisha, baada ya mapatano ya 1911, wakahamishwa tena kwenda kusini, kwenye nchi inayopakana na Tanganyika. Kwa hiyo neno reli, kwa Wamasai wa mpakani, lilikuwa kwanza neno la kuhamishwa, kabla halijawa neno la kusafiri.

Miaka hamsini baadaye reli hiyo hiyo ilichukua majina ya milima yao. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliagiza kwa kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester vichwa 34 vya garimoshi vya aina ya Garratt, ambavyo viliitwa kundi la 59 na kuletwa mwaka 1955 na 1956. Katika Garratt dumu la mvuke huning'inizwa katikati, juu ya magari mawili yenye mitambo na magurudumu yake, yanayoweza kugeuka kila moja peke yake penye kona. Kwa njia hiyo uzito hugawanyika juu ya magurudumu mengi, na kichwa kirefu kikapita mahali pa mzunguko mkali. Kila kimoja kilikuwa na magurudumu 28 na uzito wa zaidi ya tani 250, na hakuna kichwa cha mvuke kilichovishinda kwa nguvu katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Kazi yao hasa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, maana njia nyingine hazikuweza kustahimili uzito wao.

Kila kichwa kilipewa jina la mlima. Katika orodha hiyo mna Meru na Kilimanjaro, ambayo reli inaifikia. Lakini mna pia Loolmalasin, Oldeani, Gelai, Lengai na Kitumbeine, ambayo reli haikuikaribia kamwe. Msafiri atokaye Enguserosambu kwenda Arusha huiona mingi ya milima hiyo kwa macho yake. Hivyo majina ya nchi isiyo na reli yalikwenda na kurudi pwani kila siku, katika nchi nyingine, yakivuta mabehewa ya shehena.

Kwa mwanafunzi wa lugha, mabamba ya majina hayo yana jambo la kuangaliwa. Wamasai huuita mlima ule Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Aliyeandika bamba aliondoa neno oldoinyo akaweka "Mount" mahali pake, na iliyobaki ni "Mount Lengai": nusu Kiingereza na nusu Kimasai. Oldeani, ambalo kwa Kimasai ni mwanzi, lilitendewa vivyo hivyo. Lakini kichwa kilichopewa jina la Ol Donyo Sabuk, mlima wa Kenya, kiliachiwa neno lake la kwanza. Basi hapakuwa na kanuni moja: jina lilipokelewa kama lilivyokuwa limezoeleka katika ramani na katika afisi, si kama lilivyotamkwa na wenyewe.

Tofauti yaonekana zaidi yakilinganishwa majina hayo na maneno ya kazi ya reli katika Kiswahili. Behewa lilikuwa ukumbi au ua wa ndani wa nyumba ya mawe ya pwani, kabla ya kuwa gari la abiria. Taruma lilikuwa ubao wa kuimarisha ubavu wa chombo, kisha likawa gogo linalobeba chuma cha reli. Maneno haya yalitwaliwa katika nyumba na katika chombo cha baharini na kuhamishiwa kwenye kitu kigeni, nayo yadumu mpaka leo. Majina ya mabamba yalitoka afisini, nayo yalikwisha pamoja na chuma chenyewe.

Maana vichwa hivyo vilidumu muda mfupi. Ushirikiano wa reli za nchi tatu ulivunjika mwaka 1977, na kufikia 1980 kundi la 59 lilikuwa limeondolewa kazini. Vingi vilikatwakatwa vikauzwa kama vyuma vikuukuu. Viwili tu vimesalia, navyo vimo katika makumbusho ya Nairobi: 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena, chenye jina la mlima wa Upare. Karibu navyo yumo "Masai of Kenya", kichwa cha kundi la 29 lililopewa majina ya makabila. Bamba hilo laligawa kabila kwa mpaka wa serikali, mpaka ambao ng'ombe wa Loita na wa Loliondo hawakuufuata.

Kwa vichwa 32 vilivyopotea, picha ndizo ushahidi uliobaki. Ndiyo sababu picha ya garimoshi isidharauliwe kuwa mchezo wa wasafiri. Picha iliyoonyesha moshi na mwendo yapendeza. Lakini ya kumfaa mwanahistoria ni ile iliyopigwa kwa ubavu, namba na bamba la jina vikisomeka, na nyuma yake kuandikwa mahali na tarehe. Kadhalika ingefaa kila jina liandikwe pamoja na matamshi na maana yake, kama yalivyosemwa na wazee wa mlima husika. Kazi ya picha yaweza kufanywa Nairobi. Ya matamshi haiwezi kufanywa ila Gelai, Engaresero na Enguserosambu.

Reli mpya ya Kenya ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na ile ya umeme ya Tanzania ikafika Dodoma mwaka 2024. Njia ya kutoka Arusha kwenda Musoma imezungumzwa kwa miaka mingi, lakini haijajengwa. Ikiwa siku moja itajengwa, watakaoipa vituo vyake majina wataikuta kazi hii imekwisha kufanywa, au watarudia makosa ya mabamba.