Nani Alichora Mpaka wa Kinamasi?

Kwenye kipindi niligusia kazi yangu kwa dakika mbili tu: natafuta mahali kinamasi kinapoishia na ardhi kavu inapoanzia. Wengine mlicheka. Lakini mpaka huo una historia ndefu hapa Marekani, na inafika mpaka kwenye maji ya bombani.

Tuanzie Ohio. Ukitoka Toledo kwenda upande wa Fort Wayne, utaona mashamba ya mahindi na soya, ardhi bapa kama meza. Zamani pale palikuwa na Great Black Swamp, kinamasi chenye urefu wa maili 120 hivi. Walowezi walikwama kwenye matope na kuugua malaria. Ndiyo, malaria ileile wanayoijua wazee wetu.

Mwaka 1850 Bunge la Marekani liliyapa majimbo ardhi zenye vinamasi, ziuzwe ili pesa zichimbe mifereji. Pamoja na sheria nyingine za aina hiyo, kuanzia ile ya Louisiana ya 1849, majimbo yalipata ekari milioni 65 hivi. Sasa fikiria: jimbo lilipata ardhi kwa kuonyesha kwamba ni kinamasi. Kwa hiyo mpaka ulichorwa, mara nyingi kutoka ofisini, kwa kusoma daftari za wapima ardhi. Udanganyifu haukukosa, hata ardhi kavu iliandikwa kinamasi.

Huko Ohio wakulima walizika mabomba ya udongo wa kuchoma ili kutoa maji. Miaka ya 1890, James B. Hill wa Bowling Green akaunda mashine ya kuchimba mitaro yake. Kinamasi karibu chote kikageuka shamba.

Sheria ya maji safi ya 1972 ndiyo iliyogeuza mambo. Baadaye ikatumika kulinda ardhi oevu. Ukitaka kumwaga kifusi humo, omba kibali. Mwaka 1987 wahandisi wa jeshi wakaandika mwongozo tunaoutumia hadi leo. Tunaangalia vitu vitatu: mimea, udongo na dalili za maji.

Mimi napenda udongo. Nachimba shimo la nusu mita hivi, naweka bonge la udongo kando ya kitabu cha rangi cha Munsell. Udongo uliolowa muda mrefu hukosa hewa, ukageuka kijivu, mara nyingi na madoa ya kutu kwenye njia za mizizi. Hata kiangazi maji yakikauka, rangi hiyo hubaki. Nahama hatua chache kupanda mwinuko, nachimba tena. Dalili zinapokatika, hapo nachomeka kibendera.

Lakini kibendera hakimalizi ubishi. Mwaka 1989 ulitoka mwongozo mwingine uliopanua mpaka. Wenye mashamba na wajenzi wakapiga kelele, Bunge likauzuia. Mei 2023, katika kesi ya Sackett, Mahakama ya Juu ikasema sheria ya taifa inalinda tu ardhi oevu iliyoungana na mto, ziwa au bahari kwa maji ya juu ya ardhi. Yaani mahali panaweza kuwa na dalili zote tatu na bado pasilindwe na sheria hiyo.

Ina maana gani kwetu? Agosti 2014, watu karibu 500,000 wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie. Mwani huo hulishwa na mbolea inayotoka mashambani kupitia mto Maumee. Mashamba mengi kati ya hayo yako palepale kilipokuwa kinamasi, ambacho zamani kilichuja maji hayo bure.