Nani kaikata Sound? Historia fupi ya lebo za nyimbo

Wiki ya testi imenikamata vibaya, lakini blogu haiwezi kulala njaa. Leo ni historia, tena siyo Mkutano wa Berlin wala Maji Maji. Ni historia ya yale maandishi yanayotokea kwenye simu wimbo unapopigwa: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka. Mimi nayaita lebo.

Juzi jirani wa chumba cha pili kaniuliza, "Kaka, huyu Unknown Artist ni nani, mbona ana nyimbo nyingi kuliko Diamond?" Nilicheka sana, ila swali ni la maana jamani.

CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 hazikubeba majina. Ndani mlikuwa na sauti na orodha ya mahali kila wimbo unapoanzia, basi. Majina yalikuwa kwenye karatasi ya kasha. MP3 ilipokuja miaka ya 1990, hata kasha likaondoka, wimbo ukabaki yatima. Mwaka 1996 jamaa mmoja, Eric Kemp, akaamua kubandika baiti 128 mkiani mwa faili. Ndiyo ID3 hiyo. Tuhesabu (walimu wa hesabu mpo?): herufi 3 za utambulisho, 30 jina la wimbo, 30 msanii, 30 albamu, 4 mwaka, 30 maelezo, na baiti 1 ya aina ya muziki. Namba ya wimbo haikuwemo! Mwaka 1997 Michael Mutschler akamega baiti 2 za maelezo, ndipo ikapata pa kukaa.

Sasa herufi 30. Chukua International Orchestra Safari Sound, ile bendi ya dansi ya Dar ya miaka ya 1980. Pamoja na nafasi ni 36. Kata kwenye 30, unabaki na International Orchestra Safari. Sound imeanguka njiani! Na ile baiti moja? Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Polka ipo, Death Metal ipo. Taarab hakuna, dansi letu hakuna. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, eti akae kwenye "Ethnic" au "Other". Mtunzi ndiyo kabisa, hakupewa hata kachumba. Sisemi Kemp alikuwa na ubaya, aliwaza nyimbo za kwao.

Mwaka 1998 ikaja ID3v2, ikakaa mwanzoni mwa faili. Majina marefu sawa, mtunzi yumo, picha ya kasha imo, na aina ya muziki unaandika mwenyewe. Ila faili moja sasa linaweza kuwa na lebo mbili, kichwa kinasema hivi, mkia vile! Ukirekebisha moja tu, kifaa cha zamani kinaweza kuendelea kukuonyesha nyingine. Ogg Vorbis na FLAC zina mtindo wao: unaandika jina la kipengele, alama ya sawasawa, halafu chochote utakacho. Kwangu huo ndio bora. WAV ndiyo mkorofi. Ina sehemu ya maelezo, lakini programu nyingi haziijali, kwa hiyo ukitoka FLAC kwenda WAV kisha MP3, majina yanaweza kuyeyuka.

Kwa nini nahangaika hivi? Kaseti za mzee wangu. Karatasi za makasha zimeliwa na mende, anayejua nani kaimba na nani katunga ni yeye tu, na mzee hazidi kuwa kijana. Likizo hii nakaa naye na daftari kwanza, kompyuta baadaye. Nakala ya kutunza itakuwa FLAC, yenye mtunzi na neno taarab au dansi wazi wazi. Ya kurushiana hapa hosteli itakuwa MP3, lebo ya kichwani toleo la 2.3 maana vifaa vingi vinaisoma, na ule mkia naufuta.

Nikirudi nitaweka hapa nyimbo ambazo hata mzee hakukumbuka. Wenye babu na shangazi wa dansi, mtanisaidia. Haya, kipindi cha saa nane kinaita!