Uwekaji wa vigae vya sakafuni

Vigae vya sakafuni ni vipande bapa vya udongo wa mfinyanzi na madini mengine, vilivyokandamizwa kwa mashine na kuchomwa tanurini, ambavyo hubandikwa juu ya sakafu ili iwe ngumu na rahisi kusafisha. Nchini Tanzania wengi huviita tailizi au marumaru, ingawa marumaru halisi ni jiwe la kuchimbwa. Afrika Mashariki ina viwanda vya vigae Mkuranga na Chalinze katika Mkoa wa Pwani, na Kajiado nchini Kenya. Umri wa sakafu ya vigae hutegemea zaidi kazi iliyofanyika chini yake kuliko bei ya kigae chenyewe.

Aina

Vigae hutofautishwa kwa kiasi cha maji vinachonyonya. Poseleni, ambayo huchomwa kwa joto kali zaidi, hainyonyi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, hivyo hufaa hata barazani. Vigae vingi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Ni laini, na vikiwekwa sakafuni hupasuka mapema. Bafuni na jikoni huchaguliwa vyenye uso wa kukwaruza kidogo, kwa kuwa vile vya kung'aa huteleza vikilowa.

Makadirio

Urefu wa chumba huzidishwa kwa upana, kisha huongezwa asilimia 10 kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14. Pamoja na nyongeza ni 15.4. Boksi lenye vigae 4 vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo yanahitajika maboksi 11. Vikipangwa kishazari, nyongeza hufika asilimia 15. Kabla ya kulipa, mnunuzi husoma namba ya toleo kwenye kila boksi, kwani matoleo mawili ya kigae kimoja huweza kutofautiana rangi na hata ukubwa.

Kuandaa sakafu

Zege jipya huachwa likomae, kwa kawaida siku 28, kwa sababu husinyaa kadiri linavyokauka. Nyufa huzibwa, na rangi, mafuta na vumbi huondolewa. Ubao mnyoofu wa mita 2 ukilazwa sakafuni, mwanya chini yake usizidi milimita 3 hivi. Mabonde husawazishwa kwanza. Sakafu ya bafu huteremshwa kuelekea kwenye tundu la maji kwa takriban sentimita 2 kila mita, na kupakwa kizuia maji kabla ya kubandika.

Kupanga

Fundi hutafuta katikati ya kila ukuta na kupiga mistari miwili inayokutana katikati ya chumba. Ili kuhakikisha kona ni ya nyuzi 90, hupima sentimita 60 kwenye mstari mmoja na 80 kwenye mwingine. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa sentimita 100 kamili, mistari iko sawa. Kisha vigae hupangwa vikavu. Ikionekana kwamba ukutani kitabaki kipande chembamba kuliko nusu ya kigae, mstari husogezwa.

Kubandika

Njia ya zamani hutumia mchanganyiko mzito wa saruji na mchanga, na vigae vinavyonyonya maji hulowekwa kwanza. Njia ya gundi ya vigae hutumia tabaka jembamba na ndiyo inayofaa poseleni, ambayo haishiki vizuri kwenye saruji tupu. Gundi hupakwa kwa mwiko wenye meno, mistari yote ikielekea upande mmoja ili hewa itoke. Kigae hukandamizwa kwa kusukwasukwa, hugongwa kwa nyundo ya mpira na kukaguliwa kwa pimamaji. Kila baada ya vigae kadhaa, kimoja hubanduliwa: gundi iwe imeshika angalau asilimia 80 ya mgongo wake, na 95 mahali penye maji. Kuweka mafungu ya gundi kwenye kona nne tu huacha utupu katikati, na hapo ndipo kigae hupasukia mguu wa kitanda unapokilemea.

Vigae hutenganishwa kwa spesa za milimita 2 hadi 3. Kando ya kuta huachwa nafasi ya milimita 6 hivi, itakayofichwa na skatingi, kwa kuwa sakafu hutanuka kwa joto. Bila nafasi hiyo vigae husukumana na kuinuka. Kukata kwa grenda hutoa vumbi la silika linalodhuru mapafu. Kukata kwa maji na kuvaa barakoa hupunguza hatari.

Kujaza mianya

Baada ya takriban saa 24, grauti, yaani saruji laini ya kujazia, husukumwa kwenye mianya kati ya vigae kwa mwiko wa mpira, unaopitishwa kishazari ili grauti isichimbuke. Mabaki hufutwa kwa sifongo yenye unyevu. Maji mengi hudhoofisha grauti na kuipausha. Fanicha nzito hurudishwa baada ya siku kadhaa.

Kupokea kazi

Kabla ya kumlipa fundi salio, gonga kila kigae kwa sarafu: kinachotoa mlio wa debe tupu hakijashika, na hubanduliwa na kuwekwa upya. Hifadhi pia vigae vichache vya toleo lile lile, kwani viwanda hubadilisha miundo mara kwa mara na cha kufanana huenda kisipatikane tena.